Neno Fidia katika Mikataba ya Tabianchi

Katika mwaka 1991 nchi ya Vanuatu, ambayo ni visiwa kama 80 vilivyotawanyika katika bahari ya Pasifiki, na ambayo wakazi wake wakati ule hawakufika laki mbili, ilipeleka waraka mbele ya wajumbe wa mataifa waliokuwa wakiandika mkataba wa kwanza wa dunia juu ya mabadiliko ya tabianchi. Waraka ulitaka iundwe hazina ya bima. Hazina hiyo itiwe fedha na nchi za viwanda kwa lazima, wala si kwa hisani. Nusu ya mchango wa kila nchi ipimwe kwa utajiri wake, na nusu ya pili ipimwe kwa kadiri ya hewa ya ukaa iliyotoka katika viwanda na mitambo yake. Bahari ikipanda hata ikafika kipimo kilichokubaliwa, nchi ndogo za visiwa na nchi maskini zenye pwani tambarare zilipwe hasara ya ardhi na mali zitakazoliwa na maji.

Kanuni hii haikuwa ndoto ya watu wa visiwani. Ilichukuliwa katika mkataba uliotiwa saini Brussels mwaka 1963 na mataifa ya Ulaya yenyewe, juu ya madhara ya mitambo ya nyuklia. Mataifa hayo yalikuwa yamekubaliana kwamba mtambo ukiharibika, na hasara ya majirani ikapita uwezo wa mwenye mtambo, basi dola zote zilizotia saini zichangie malipo, nusu kwa kipimo cha utajiri na nusu kwa kipimo cha nguvu za mitambo yao. Kilichofanywa na Vanuatu ni kuondoa mtambo wa nyuklia na kuweka bomba la moshi mahali pake. Hata hivyo, wale walioiona kanuni hiyo kuwa ni ya haki miongoni mwao wenyewe hawakuiona kuwa ni ya haki ilipoletwa na mtu mwingine. Hazina haikuundwa. Ilipita miaka 31 kabla mataifa hayajakubali hata kuandika kwamba utakuwapo mfuko wa namna hiyo, na ulipokubaliwa haukuwa ule ulioombwa.

Balozi wa Vanuatu katika Umoja wa Mataifa alikuwa Robert Van Lierop, naye hakuzaliwa Vanuatu. Alikuwa mwanasheria mweusi wa New York, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia Msumbiji na kupiga filamu ya vita vya ukombozi vya FRELIMO. Vanuatu ilijipatia uhuru mwaka 1980 kutoka kwa Uingereza na Ufaransa zilizoitawala kwa pamoja, na kwa kuwa haikuwa na mabalozi wa kutosha wala fedha za kuwaweka ng'ambo, ilimpa mtu huyo kazi ya kuisemea. Alisaidiwa na wanasheria wa London waliojua mikataba, na yeye akawasaidia wakubwa wa visiwa kujua siasa za New York. Si jambo la ajabu basi kwamba madai ya tabianchi tangu mwanzo yalikuwa na sauti ya madai ya uhuru.

Lakini sauti ya kwanza ilitoka Maldivi. Mwezi wa Aprili 1987 mawimbi makubwa yaliuvamia mji wa Malé, na sehemu kubwa ya mji ikaingia maji. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Rais Maumoon Abdul Gayoom alisimama katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akaeleza kwamba nchi yake, ambayo ardhi yake karibu yote haiinuki mita mbili juu ya bahari, ilikuwa katika hatari ya kufa kama taifa. Wakuu wengi walizoea kusikia habari za mataifa kufa kwa vita. Kufa kwa maji ilikuwa habari mpya. Mwaka uliofuata Malta ilipeleka shauri katika Baraza lile, na tabianchi ikatangazwa kuwa jambo linalowahusu wanadamu wote. Mwaka huo huo wa 1988 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, yaliunda jopo la wataalamu wa kupima ukweli wa mambo. Mwaka 1989 nchi ndogo zilikutana Malé, na mwaka 1990, katika mkutano wa Geneva, zikafanya umoja wao wa Nchi Ndogo za Visiwa. Van Lierop akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Mkataba uliandikwa kwa muda wa miezi 15 tu, tangu mkutano wa kwanza karibu na Washington mwezi wa Februari 1991 mpaka ulipokubaliwa New York tarehe 9 Mei 1992. Mwezi uliofuata ulifunguliwa kwa saini Rio de Janeiro. Katika waraka wote wa Vanuatu lilibaki neno moja. Kifungu cha 4, katika sehemu yake ya 8, kinasema kwamba nchi wanachama zitatafakari hatua zinazohitajika, pamoja na zile za fedha, bima na ufundi, kwa ajili ya nchi zitakazopatwa na madhara. Neno bima likasalia peke yake katikati ya sentensi, kama nguzo ya nyumba ambayo kuta zake zimebomolewa. Lakini nguzo iliyosalia huonyesha mahali nyumba iliposimama, na wajumbe wa visiwa waliitumia hivyo kwa miaka mingi.

Walifanya na jambo jingine, lililoonekana dogo siku ile. Serikali za Fiji, Kiribati, Nauru na Tuvalu ziliandika tamko pamoja na saini zao, kwamba kuukubali mkataba huu si kuacha haki yoyote waliyo nayo katika sheria ya mataifa kuhusu dhima ya dola kwa madhara ya tabianchi. Kwa maneno mengine, mtu anapokea chakula alichopewa huku akitangaza mbele ya mashahidi kwamba deni lake hakulisamehe. Tamko hilo litatajwa tena mbele.

Inafaa kuuliza kwa nini nchi maskini ziliendelea kukaa katika mazungumzo ambayo yalianza kwa kuwakatalia. Jibu la kwanza ni kwamba hazikuwa na mahali pengine. Bara zima la Afrika hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia, na visiwa vya Pasifiki hutoa kidogo mno hata hesabu yake haionekani. Kwa hiyo hata kama nchi hizo zingezima kila taa, bahari isingeshuka wala ukame usingepungua. Dawa ya ugonjwa wao imo katika nyumba za watu wengine. Jibu la pili limo katika kanuni za mikutano yenyewe. Tangu mkutano wa kwanza wa Berlin mwaka 1995, nchi wanachama zilishindwa kupatana juu ya kanuni ya kupiga kura, na kwa sababu hiyo mambo yalikatwa kwa makubaliano ya wote. Upungufu huu ulikuwa na faida na hasara yake. Nchi yenye watu elfu kumi iliweza kunyanyua mkono na kusimamisha maneno ya nchi yenye watu milioni mia tatu. Na kwa kanuni ile ile, nchi yenye visima vya mafuta iliweza kuyasimamisha maneno ya dunia nzima.

Usawa huo ulikuwa wa mchana. Usiku ulikuwa na sheria nyingine. Mikutano hii hugawanyika katika vyumba vingi kwa wakati mmoja, na siku za mwisho huendelea mpaka alfajiri. Dola kubwa huleta wajumbe kwa mamia, wenye wanasheria na wakalimani, nao hupokezana. Nchi maskini huleta wajumbe wachache, na mara nyingine mjumbe ambaye anapaswa kuwa katika vyumba vitatu saa moja. Ndiyo maana kujikusanya pamoja kulikuwa ni jambo la lazima, na mkusanyiko mkubwa kuliko wote ulikuwa Kundi la 77 na China, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa mambo ya biashara na sasa lina nchi zaidi ya 130.

Mwaka 1997, mwaka wa Kyoto, mwenyekiti wa Kundi hilo alikuwa Tanzania, na kazi ya kuliongoza katika mazungumzo ya tabianchi ilimwangukia Profesa Mark Mwandosya, mhandisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye aliandika kitabu juu ya mazungumzo hayo, nacho kimetajwa kwa moshi wa kuishi, yaani ule anaoutoa maskini apate kupika na kula, tofauti na moshi wa anasa. Tofauti hiyo ilikuwa imetangulia kuelezwa na wanazuoni wa Delhi mwaka 1991, na ndiyo iliyokuwa silaha ya Kundi. Kabla ya Kyoto, mwezi wa Julai 1997, Seneti ya Marekani ilikuwa imeazimia kwa kura 95 bila hata moja ya kupinga, kwamba Marekani isikubali mkataba usiozifunga na nchi maskini pia. Basi Kyoto ilijiwa na shauri la kuzitaka nchi maskini zitoe ahadi za kupunguza moshi wao, ama wakati ujao, ama kwa hiari. Kundi likakataa yote mawili. Kifungu cha ahadi za hiari kikafutwa usiku wa mwisho, na nchi za viwanda zikabaki na wajibu wa kupunguza asilimia 5.2 chini ya kipimo cha mwaka 1990. Marekani ilitia saini mwaka 1998, lakini haikuithibitisha, na mwaka 2001 ikajitoa.

Kyoto yafaa kukumbukwa kwa jambo jingine lililo karibu zaidi na habari ya fidia. Brazili ilikuwa imeleta shauri kwamba nchi ya viwanda itakayopitisha moshi kuliko kipimo chake itozwe faini, na faini hiyo iwekwe katika mfuko wa kuendeleza nchi maskini. Mazungumzo yalilipokea shauri hilo na kuligeuza. Faini ikawa biashara: nchi tajiri ingeweza kulipia mradi wa kupunguza moshi katika nchi maskini, na kupunguzwa huko kukaandikwa katika daftari la tajiri. Miradi mingi ilikwenda China na India. Afrika ilipata kidogo sana. Kilichosalia cha wazo la kwanza kilikuwa ni sehemu mbili katika kila mia za hati hizo, zilizotengwa kwa ajili ya Mfuko wa Kuhimili. Kwa mara ya pili wenye madai walikuja na neno la lazima wakaondoka na neno la soko.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mifuko midogo na maneno makubwa. Marrakech mwaka 2001 ilizaa mfuko wa nchi maskini kuliko zote. Nairobi mwaka 2006 iliweka mpango wa kazi juu ya kuhimili, yaani kujenga kuta, kubadili mbegu na kuchimba visima kabla balaa halijafika. Lakini wajumbe wa visiwa walizidi kusema kwamba yapo mambo yasiyohimilika. Kisima kilichoingia maji ya chumvi hakirudi kuwa kisima. Makaburi yaliyochukuliwa na bahari hayahamishwi tena. Mambo hayo yalihitaji jina, na katika mapatano ya Bali ya Desemba 2007 jina likaandikwa kwa mara ya kwanza katika uamuzi wa mkutano: hasara na uharibifu. Halikuwa neno fidia. Lilieleza jeraha pasipo kumtaja aliyejeruhi. Katika Bali hiyo hiyo Marekani ilipokataa maneno ya mwisho, mjumbe wa Papua Guinea Mpya, Kevin Conrad, aliiambia mbele ya wote kwamba kama haitaki kuongoza, basi iwapishe wengine njia. Dakika chache baadaye Marekani ikakubali.

Haitakuwa kweli kusema kwamba maskini walikuwa na neno moja siku zote. Copenhagen mwaka 2009 iliwafunua. Tuvalu ilitaka mkataba mpya wenye nguvu ya sheria uwafunge na wale wa Kundi la 77 waliokuwa wakikua upesi, na waliompinga mbele ya macho ya ulimwengu walikuwa China na India, wenzake wa kundi moja. Mkutano ukasimamishwa kwa saa kadhaa. Mwishowe hati ya Copenhagen iliandikwa katika chumba kidogo na wakuu wachache, Marekani, China, India, Brazili na Afrika Kusini wakiwa mbele, na wengine wakaletewa wakati wa kuondoka. Nchi kadhaa zilikataa kuikubali. Mkutano ukasema tu kwamba umeiona. Ndani yake iliandikwa ahadi ya dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Fedha hizo zilikuwa za kupunguza moshi na kuhimili. Kwa hasara na uharibifu hapakuwa na kitu.

Tarehe 8 Novemba 2013 tufani iliyoitwa Haiyan iliipiga Ufilipino na kuua watu zaidi ya 6,000. Siku tatu baadaye mkutano ulifunguliwa Warsaw. Mjumbe wa Ufilipino, Naderev Saño, alisimama akalia machozi, kisha akatangaza kwamba hatakula mpaka mkutano ufanye jambo la maana. Usiku mmoja, karibu na alfajiri, wajumbe wa Kundi la 77 waliokuwa katika chumba cha hasara na uharibifu waliinuka wakatoka wote. Saa za mwisho zilipowadia, dunia nzima ilikuwa ikigombania neno moja la Kiingereza lenye maana ya "chini ya". Nchi tajiri zilitaka chombo kipya cha hasara na uharibifu kiwe chini ya habari za kuhimili, kwa maana kama hasara ni sehemu ya kuhimili, basi haina haki yake mbali. Nchi maskini zilitaka kitoke hapo. Wajumbe walikusanyika sakafuni katikati ya ukumbi, wamesimama wakisukumana na karatasi mkononi, wakapatana hivi: neno likae, lakini utangulizi ukiri kwamba kuna hasara nyingine zaidi ya zile zinazoweza kupunguzwa kwa kuhimili. Mtu asiyejua mambo haya angeweza kucheka kwamba watu wazima wamekesha kwa ajili ya neno lile. Asingecheka aliyewahi kuona hati ya shamba iliyopotea kesi kwa neno moja.

Mkutano wa Paris wa mwaka 2015 ulitoa kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mkono mwingine, na hapana mahali katika historia hii ambapo biashara ilikuwa wazi kuliko hapo. Visiwa, vikiongozwa katika jambo hili na Tony de Brum wa Visiwa vya Marshall, vilitaka mambo mawili: mpaka wa joto uwe digrii 1.5, na hasara na uharibifu vipate kifungu chao wenyewe. Vilipata yote mawili. Digrii 1.5 zimo katika kifungu cha 2, na kifungu cha 8 kiliandikwa kwa hasara na uharibifu, mbali na kile cha 7 kinachohusu kuhimili. Ule ugomvi wa Warsaw ukawa umemalizika kwa ushindi wa visiwa. Bei yake ilikuwa aya ya 51 ya uamuzi uliofuatana na mkataba. Aya hiyo husema kwamba kifungu cha 8 hakileti wala hakiwi msingi wa dhima yoyote wala fidia. Hivyo neno fidia liliingia hatimaye katika hati za tabianchi, nalo liliingizwa ili likataliwe.

Tofauti ya fidia na msaada si ya midomo. Msaada hutoka kwa mtoaji na hufuata hali yake: bunge likibadilika, au uchumi ukishuka, au rafiki akigeuka, msaada hupungua, na aliyepunguziwa hana mahali pa kushtaki. Deni lina tarehe na lina kiasi. Zile bilioni 100 zilizoahidiwa kwa mwaka 2020 zilitimia mwaka 2022, kwa hesabu ya watoaji wenyewe, na sehemu kubwa ya fedha zilizotoka katika hazina za serikali ilikuwa mikopo. Nchi iliyopoteza barabara zake kwa mafuriko ambayo haikuyaleta ikakopeshwa fedha za kuzijenga upya, na kutakiwa riba. Hata Marekani kutoka na kuingia kwake kunaeleza jambo hilo: ilijitoa katika mkataba wa Paris mwaka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 ikatangaza kujitoa tena. Nchi maskini haiwezi kujitoa katika ukame.

Glasgow mwaka 2021 Kundi la 77 liliomba kwa kauli moja mfuko wa hasara na uharibifu. Likapewa mazungumzo ya miaka mitatu juu ya habari hiyo. Huenda mazungumzo hayo yangalizaa mazungumzo mengine, kama si kwa mambo ya mwaka uliofuata. Kuanzia katikati ya mwaka 2022 mvua zisizo na kifani ziliifunika Pakistani. Watu zaidi ya 1,700 walikufa, watu milioni 33 wakaathirika, na hasara ikakadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 30. Ikatokea kwamba mwenyekiti wa Kundi la 77 mwaka ule alikuwa Pakistani mwenyewe. Waziri wake Sherry Rehman alifika Sharm el-Sheikh akiwa mdai na ushahidi mkononi. Hata kuliweka jambo hilo katika orodha ya mazungumzo kulihitaji mabishano marefu kabla ya mkutano kufunguliwa, nalo likawekwa kwa sharti lililoandikwa kwamba halihusu dhima wala fidia. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 2022 mfuko ulikubaliwa.

Mwaka mmoja ulipita katika kuuliza nani aukae mfuko huo. Nchi tajiri zilitaka Benki ya Dunia, ambako kura huhesabiwa kwa hisa. Nchi maskini zilitaka nyumba mpya. Wakapatana kwamba Benki iuhifadhi kwa miaka minne ya kwanza, na mfuko uwe na baraza lake. Siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, tarehe 30 Novemba 2023, ulizinduliwa. Falme za Kiarabu ziliahidi dola milioni 100, Ujerumani milioni 100 nyingine, Marekani milioni 17.5, na Japani milioni 10. Ahadi zote za mkutano ule zilifika takriban dola milioni 700. Zikilinganishwa na mafuriko ya Pakistani peke yake, hazikufika sehemu moja ya arobaini. Kila mchango ulikuwa wa hiari. Hapana nchi iliyopimwa kwa utajiri wake wala kwa moshi wake, kama ilivyotakiwa na Vanuatu mwaka 1991. Mwezi wa Machi 2025 Marekani ilijitoa katika baraza la mfuko huo.

Wazo la lazima, hata hivyo, halikufa. Mwezi wa Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi, na tamko lao likataka kodi ya dunia juu ya biashara ya mafuta ya ardhini, meli na ndege. Wengine waliliona kuwa jambo jipya. Aliyekuwa na waraka wa Vanuatu mezani aliweza kuliona kuwa ni la kale. Mwaka uliofuata, Baku, nchi maskini zilitaka dola trilioni 1.3 kila mwaka. Nchi tajiri zikaahidi kuongoza katika kutafuta bilioni 300 kufikia mwaka 2035. Wajumbe wa visiwa na wa nchi maskini kuliko zote waliondoka chumbani kwa muda, na mjumbe wa India, Chandni Raina, akatamka kwamba hati ile ni kiinimacho, baada ya nyundo kuwa imekwisha gongwa.

Wakati huo shauri lilikuwa limekwisha hamia kwenye nyumba nyingine. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, katika kampasi yake ya Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, walizishauri serikali zao zipeleke swali katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague: dola zina wajibu gani katika sheria juu ya tabianchi, na dola iliyovunja wajibu huo ifanywe nini? Vanuatu ilikubali kulibeba. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha ombi hilo bila kura, na mwezi wa Desemba 2024 karibu dola mia moja zilisema mbele ya majaji. Nchi kubwa kadhaa zilijitetea kwa hoja moja: kwamba mikataba ya tabianchi imekwisha sema yote, na nje ya mikataba hiyo hapana sheria nyingine ya kuwauliza.

Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ilitoa rai yake kwa sauti moja. Ilisema kwamba mikataba ya tabianchi haikuziondoa kanuni nyingine za sheria ya mataifa. Kwamba dola inao wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa mazingira. Na kwamba kuvunja wajibu huo kwaweza kuleta malipo kamili kwa aliyeumizwa, pamoja na fidia, ikiwa uhusiano kati ya kosa na madhara ni wa moja kwa moja na wa hakika ya kutosha. Rai hiyo haimfungi mtu kama hukumu inavyofunga, na sharti lake la mwisho litawapa wanasheria kazi ya miaka mingi. Lakini maneno yake juu ya mikataba na kanuni nyingine ni yale yale ambayo Fiji, Kiribati, Nauru na Tuvalu waliyaandika pamoja na saini zao mwaka 1992. Miezi miwili na ushei kabla ya rai hiyo kusomwa, mwanzoni mwa Mei 2025, umoja wa wanasheria wa Afrika ulikuwa umekwisha peleka swali la namna hiyo kwa majaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika mji wa Arusha.